Kaka Pima Kwanza na Mbao Mbili za Nyuma

Kaka yangu anaitwa Pima Kwanza, na jina hilo halikumpata bure. Ana chumba kimoja cha kutengenezea amplifaya, kinachotazamana na karakana ya seremala, na mteja akiingia na gitaa begani, kabla ya salamu huulizwa: omu ngapi, yaani ukinzani wa spika zako ni kiasi gani? Maana kichwa cha amplifaya, lile sanduku lenye mitambo, kikitaka kabati la spika la omu nane, ukakipa la nne, kitabeba mzigo usio wake, kitachemka na mwisho kitaungua. Somo hilo nimelisikia tangu nina meno ya utoto. Nimelichoka.

Mpiga gitaa wa familia ni mimi, dada yake. Kichwa ninachotumia alikiacha marehemu baba, kizito utadhani kina saruji ndani, na transista zake hazipatikani tena madukani. Kikiungua ndiyo basi, na sauti ya gitaa la baba hatutaisikia tena. Kwa hiyo kaka huniruhusu kabati moja tu, lenye namba 8 aliyoiandika kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa nyuma. Lenye namba 4, pacha wake kwa umbo, nimekatazwa hata kulipangusa vumbi.

Wiki iliyopita yote mawili yalipelekwa kwa seremala yapakwe vanishi. Seremala akafungua mbao za nyuma, akapaka, akazirudisha vizuri bila kupoteza hata skrubu moja. Jumamosi mchana, kabla sijaenda kupiga ukumbini, kaka akasoma ile 8, akaridhika, akanipakilia kabati kwenye gari. Nikamuuliza mbona leo hapimi. Akanijibu kwamba mwandiko wake anaujua.

Wimbo wa tatu sauti ikaanza kukwaruza. Nikaweka kiganja juu ya kichwa cha amplifaya, kama baba alivyozoea, nikakiondoa upesi kwa joto. Nikazima palepale, katikati ya ubeti, mwimbaji akabaki ananikodolea macho. Mkobani nilikuwa na mita ya kupimia omu, kwa sababu kaka amenilazimisha kuibeba miaka yote hii. Nikagusisha ncha zake kwenye waya za spika. Tatu na nusu! Mita husoma chini kidogo ya namba ya kabati; hilo lilikuwa la nne. Seremala alikuwa amebadilisha mbao za nyuma, ya hili akaifunga kwenye lile, na bingwa wa kupima hakupima.

Nilirudi kwake nimefura. Nikamwambia mganga hajigangi, nikamwambia na mengine niliyoyaweka moyoni miaka ishirini. Alikifungua kichwa cha baba, akazichunguza transista moja baada ya nyingine. Nikamshikia taa. Niliogopa kuliko nilivyokasirika.

"Nzima zote," alisema hatimaye, akaketi. "Dada, wewe ndiye uliyekiokoa. Mimi nilisoma tu."

Kisha akachukua brashi, akazifuta namba zote mbili kwa rangi nyeusi. Akalivuta kabati lile jingine, lililokuwa limeandikwa 4, akashika waya wake, lakini hakuuchomeka. Akanisogezea mita.

"Pima wewe."

Nikapima. Ikasoma sita na nusu, kama kabati la nane linavyosoma siku zote, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikamwonyesha. Akalitazama lile doa jeusi palipokuwa na namba, akaitazama mita, akanitazama na mimi.

Akaniambia nipime tena.