Jumapili ya Kachumbari Tupu

Mwaka ule nilikuwa nimeanza kusoma programu za kompyuta, baada ya miaka mingi ya kugeuza wagonjwa vitandani, na nilikuwa na ugonjwa wa kila mwanafunzi mpya: kila shida niliona inataka programu. Kwa hiyo mwenyekiti wa akina mama kanisani aliposema amechoka kupanga zamu za chakula kwa mkono, nilidakia kabla hajamaliza.

"Mama, niachie mimi. Kompyuta itapanga."

"Itajua nani hawezi kupika?"

"Itajua kila kitu."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Familia kumi na sita, nne kila Jumapili, na vyakula vinne: kachumbari, chapati, ndengu na wali. Nilichohitaji ni kuirudia orodha ya vyakula hadi familia zote zipate. Katika Python, lugha ya kompyuta niliyokuwa najifunza, kuna maktaba ya hesabu yenye amri mbili za kurudia, repeat na tile. Hiyo tile, yaani kigae, ilinikumbusha vigae vya bafuni, nikaona hainihusu. Nikaandika repeat, nikaweka nne, nikabonyeza. Vikatoka vyakula kumi na sita. Nilivihesabu, sikuvisoma. Programu ikaitumia kila familia ujumbe wa chakula chake tu, bila kuona cha wenzake.

Jumapili ya kwanza nilitoka nyumbani Maple Grove mapema, nimevaa suti. Kanisa letu la Waswahili huku ughaibuni linakodi ukumbi wa chini ya ardhi kule Oakdale. Ilikuwa Januari, vidirisha vimeganda, hita inavuma. Tulikuwa na mgeni, mchungaji Mkongo kutoka mtaa wa Frogtown. Akiwa katikati ya maombi ya kufunga, akina mama wakafunua mabeseni manne nyuma ya ukumbi. Yote yalikuwa kachumbari. Hita ikachukua ule ukali wa vitunguu na kuugawa kwa haki. Waliokaa nyuma wakaanza kupangusa macho, kisha wa katikati, kisha wazee wa kanisa. Mchungaji akafumbua macho, akaona machozi, akaongeza dakika kumi.

"Ndugu," aliniambia baadaye, akinishika mkono kwa nguvu, "huku watu wanaguswaka kweli."

Nikamshukuru.

Mwenyekiti alinivuta jikoni. Nikafungua simu, nikaisoma orodha kwa mara ya kwanza: kachumbari, kachumbari, kachumbari, kachumbari, chapati, chapati, chapati, chapati... Nikamweleza, huku nikitokwa na jasho, kwamba repeat hurudia kila kitu kivyake kabla ya kwenda kwa kinachofuata, na tile huimaliza orodha nzima ndipo ianze upya.

"Ngoja," akasema. "Kwaya ikirudia kiitikio, huwa inaimba neno la kwanza mara nne, halafu la pili mara nne?"

"Hapana, Mama. Inakiimba chote, halafu inaanza tena."

"Na wewe uko kwaya."

"Ndiyo, Mama."

"Sauti ya pili."

"Ndiyo, Mama."

Akanituma nikanunue kuku wa kukaanga.

Nilipofika nyumbani nilifungua kompyuta kabla hata ya kuvua koti. Nikabadilisha amri, na safari hii nikasoma kila mstari. Nilikuwa karibu kutuma mpangilio mpya simu ilipolia. Alikuwa mwenyekiti.

"Umesharekebisha?"

"Natuma sasa hivi, Mama."

"Usiguse! Jumapili ijayo si ni chapati, familia zote nne?"

"Ndiyo, lakini itakuwa chapati tupu."

"Kwani umewahi kusikia mtu akilalamikia chapati? Rekebisha kuanzia ya tatu."

Nikatii. Zilibaki familia nane. Nikaandika tile, nikaweka mbili, na Jumapili za tatu na nne zikapata chakula kamili. Lakini ile ya pili watu walijaa hadi kwenye ngazi, wengine sikuwa nimewaona kanisani tangu Pasaka. Watoto, ambao siku zote nikiwasalimu hunijibu kwa Kiingereza, walinizunguka wakiuliza kwa Kiswahili safi kama zimebaki chapati nyingine.