Tone la Nyongeza

Kabla hajashika kichupa chochote cha maabara, Adhel, ambaye wengi walimwita Mama Jok, alikuwa akiuza maziwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na sokoni hapakuwa na mtu mwenye mkono wazi kama wake. Ukitaka kikombe kimoja, alikijaza mpaka kikatishia kumwagika, akakumiminia, na kabla hujafunga kibuyu chako alikuwa amerudi na tone la nyongeza. Tone lenyewe wakati mwingine lilikaribia nusu kikombe. Wateja walimpenda kama ndugu. Biashara haikumpenda hivyo. Mdogo wake Marial, aliyeuza vifuniko vya simu kando yake, alikuwa akisema dada yake hauzi maziwa, anayagawa, na wanaomlipa wanamlipa kwa huruma.

Kituo cha utafiti kilipofungua chumba Kakuma na kutafuta mtu wa kuandaa vitu vya kupimia damu, Adhel alijaribu bahati yake. Alikuwa amemaliza sekondari kambini, na jua la adhuhuri juu ya jerikeni za maziwa lilikuwa limemchosha. Akachukuliwa kwa majaribio. Mwalimu wake alikuwa Reuben Ekal, mtu wa Lodwar, mwenye maneno machache na kalamu nyingi mfukoni, aliyetembea ndani ya maabara kana kwamba sakafu imelala na hataki kuiamsha.

Kituo kilichunguza ugonjwa unaotoka kwa mbwa, ule unaoleta uvimbe wa maji tumboni, ambao wafugaji wa Turkana wanaujua zaidi ya wanavyopenda kuujua. Ili kuona kama damu ya mtu imewahi kukutana nao, walitumia peptidi, yaani vipande vidogo vya protini vilivyotengenezwa kiwandani na kukaushwa vikawa unga. Unga wenyewe ulikuwa kidogo mno hivi kwamba ungeapa chupa ni tupu. Marial aliposikia neno peptidi alikuja mbio kuomba japo kidogo, maana kwenye simu alikuwa ameona vijana wenye vifua vipana wakijidunga kitu cha jina hilo. Adhel alimweleza kwamba hii si dawa, haiingii mwilini mwa mtu yeyote, na kama anataka kifua, nyumbani kuna madumu ya maji yanayongoja kubebwa. Marial akaondoka akiona utafiti hauna faida kwa jamii.

Ekal alifundisha kwa vitendo. Chupa ikitoka kwenye friza haifunguliwi papo hapo, kwa sababu ikiwa baridi itavuta unyevu wa hewa na unga utaharibika. Maagizo yalisema iachwe ifikie joto la chumba. "Chumba cha nani?" Ekal aliuliza, akaitazama feni iliyokuwa ikizungusha hewa ya moto. Aliyeandika maagizo yale, alisema, hajawahi kulala Kakuma. Kwa hiyo waliiacha kwenye kisanduku chenye pakiti za barafu zilizoanza kuyeyuka, mpaka ubaridi ukaisha taratibu. Kisha maji safi ya maabara yaliteremshwa polepole ukutani mwa chupa, bila kuuangukia unga. Chupa haikutikiswa, ilizungushwa tu kati ya viganja. Mwisho, maji yale yenye peptidi yaligawanywa kwa pipeti, kile kifaa cha kuvuta maji kwa kipimo, katika vichupa vidogo, kipimo kilekile kila kimoja, vikagandishwa. Siku ya kupima damu kinatolewa kimoja tu, maana peptidi ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara hupoteza nguvu.

Adhel aliyashika yote. Mikono yake ilikuwa tulivu, lebo zake zilisomeka, wala hakutikisa chupa hata mara moja. Lakini walipofanya mazoezi kwa maji matupu, trei ya Ekal ilijaa mpaka kichupa cha mwisho, ya Adhel ikabaki na vichupa vikavu mwishoni. Akarudia. Vikabaki vikavu tena. Akailaumu pipeti. Ekal akambadilishia pipeti, na vikavu vikawa vilevile.

Hapo ndipo Ekal alipovuta kiti, akaketi karibu, akaomba aone. Adhel alivuta kipimo sawasawa, akakiweka kwenye kichupa cha kwanza. Kisha mkono wake, wenyewe, bila kumshauri, ukarudi kwenye chupa, ukachota kidogo, ukaongeza.

"Mama Jok," Ekal alisema, "hii ya pili ni ya nini?"

Adhel aliutazama mkono wake kama mama anayetazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. "Ni nyongeza," alisema.

Ekal aliinamia kichupa. "Na huyu mteja amekuomba?"

Alicheka yeye kwanza, naye Adhel akacheka, ingawa kicheko hakikufika mbali. Ijumaa ingefanywa kazi yenyewe, kwa chupa ya peptidi ambayo ndiyo pekee iliyobaki kituoni. Trei ikijaa sawa, kazi ingekuwa yake. Isipojaa, angeletwa mtu kutoka Lodwar, na Adhel angerudi kwenye maziwa. Akauliza, kwa kujitetea kidogo, tone moja lina ubaya gani. Ekal hakutoa hotuba. Alisema vichupa visipolingana, damu ileile italeta majibu mawili. Kisha akanyoosha kalamu kuelekea vile vikavu. "Na hawa waliochelewa kwenye foleni, wanywe nini?"

Maneno hayo yalimfuata mpaka nyumbani. Aliwakumbuka wanawake wa Kiturkana waliotoka mbali na mizigo ya makaa, wakafika sokoni mchana, wakakuta jerikeni yake inatoa sauti ya utupu. Kila mara aliwaambia pole, kesho muwahi. Miaka yote ile alidhani wao ndio wenye kosa la kuchelewa.

Basi akaanza kuufundisha mkono adabu. Chai ya nyumbani ikawa inamiminwa kwa kipimo, vikombe vyote sawa, na hakuna aliyeongezewa. Marial alitazama kikombe chake kwa huzuni ya mtu aliyefiwa.

"Dada, serikali imekukamata?"

"Kunywa."

"Nakunywa. Lakini mimi ni ndugu yako, si kichupa."

Majirani walisikia, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulijua kwamba Mama Jok amesomea uchoyo na karibu atapata cheti.

Ijumaa Ekal alisimama pembeni, akijifanya anakagua kalamu zake. Adhel alizungusha chupa kati ya viganja mpaka unga ukayeyuka na maji yakawa maangavu, kama hayana kitu. Akaanza kugawa. Kwenye kila kichupa mkono ulitaka kurudi, na kila mara aliupeleka mbele, kwa kinachofuata. Jasho lilimtiririka ndani ya glavu. Karibu na mwisho hakuitazama tena chupa, alitazama kichupa kimoja tu, kile cha kona. Kikapata kipimo chake.

Ekal alipima vichupa kadhaa kwenye mizani, kimoja cha mwanzo, kimoja cha katikati, na kile cha kona. "Iko sawa," alisema. Kwa Ekal hayo yalikuwa maneno mengi. Akatoa ufunguo wa friza shingoni mwake, akauangalia kama anauaga, akampa.

Adhel alipanga vichupa ndani, akafunga, akavaa ufunguo shingoni. Alipogeuka alimkuta Ekal amesimama na chupa yake ya plastiki ya maji ya kunywa. Njia ya kurudi kwao Lodwar ni ya joto, alieleza. Je, haingewezekana ikae humo kidogo, pembeni tu, ipate ubaridi?

"Haiwezekani, Mzee Ekal," Adhel alisema. "Humu ni peptidi tu."

Ekal aliitia chupa mfukoni mwa mkoba, maji yakiwa moto vilevile, akaondoka akipiga mluzi. Hakuna mtu maabarani aliyewahi kumsikia akipiga mluzi.