Mfuko wa Ndani wa Safari ya China

Binti yangu alipochaguliwa kwenda kusoma mwaka mmoja China, sikumuuliza atasoma nini. Nilimuuliza karatasi zake atazibeba wapi. Alinitazama kama nimeuliza habari za mwezini, akajibu kwa Kiingereza kwamba atazibeba kwenye begi, kama watu wote. Kusikia hivyo nikachukua mkasi.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Turffontein, Johannesburg, kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga na familia nyingine mbili. Nilitoka Uvira nikiwa na mimba ya huyu huyu binti. Mwaka wake wa kwanza nilimpa mtu mmoja karatasi yangu ya ukimbizi, mwenzetu wa nyumbani, aliyejidai anajua njia ya kunifupishia foleni. Tulikubaliana tukutane kwenye kona, pale penye robot, zile taa za barabarani. Nilimsubiri mpaka maduka yakafungwa. Yeye sikumwona tena, na karatasi sikuiona tena. Miezi mingi baada ya hapo nilikuwa nikiona gari la polisi ninageuza njia, mtoto mgongoni. Tangu siku hizo nina sheria moja, kwamba karatasi yako haitoki mwilini mwako. Nguo zangu zote zina mfuko wa ndani, na wateja wangu, Wakongo kwa Warundi, huja kuniomba niwashonee wao pia. Nadhani mifuko hiyo nimeishona mingi kuliko magauni ya harusi.

Wa binti niliutengeneza kwa kitambaa cha pamba, wa kuvaa kiunoni chini ya nguo. Sikuweka zipu, maana zipu hata mwizi anajua kuifungua. Nilimpa sindano na uzi mweusi nikamwelekeza: akishavuka uhamiaji wa kule, aingie chooni, aitie pasi ya kusafiria mfukoni, aufunge kwa kushona.

"Usipatie mutu," nilimwambia. "Hata akivaa tai. Hata akikuchekea."

"Sharp, Mama," alikubali, bila kuinua macho kwenye simu.

Wiki ile ile alikuja jirani yetu, Mtanzania wa Tanga anayefuata nguo Guangzhou na kuziuza mjini. Alileta sketi ya kupunguza, akakaa saa nzima akimpa binti mawaidha. Nakiri nilimwonea wivu. Mwanangu, ambaye mimi nikisema naye huwa na simu mkononi, alikuwa anaandika kila neno.

"Anwani ya chuo iandike kwa herufi zao, kwenye karatasi," alimwambia. "Dereva wa teksi hatasoma Kiingereza chako."

"Eish, Auntie, nina simu."

"Simu inaisha chaji, mwanangu. Karatasi haiishi."

Akaendelea. Dawa zikae kwenye boksi lake, pamoja na barua ya daktari. Programu nyingi za simu tulizozoea hazifunguki kule, kwa hiyo apakue za kwao kabla ya kuondoka, na ile ya kulipia aiunganishe na kadi ya benki akiwa bado huku, maana kule hata muuza viazi vya kuchoma analipwa kwa simu. Atembee na tishu, kwa sababu vyoo vingi vya nje havina karatasi. Abebe kikombe chenye mfuniko, kwani maji ya moto yapo kila mahali, na ya baridi utayaulizia mpaka uchoke. Vijiti vya kulia asivisimamishe kwenye bakuli la wali, hayo kwao ni mambo ya msiba. Akipewa kitu apokee kwa mikono miwili. Hapo nilitikisa kichwa kukubali, hilo nimemfundisha mimi tangu hajaota meno.

"Na wakikuomba pasi, wape tu, kule..."

"Hapana, dada," nilimkatiza. "Weye unaenda kununua nguo. Huyu anaenda kusoma. Mambo ya pasi tumeshayamaliza."

Alichukua sketi yake, akaaga. Binti aliondoka baada ya siku sita, mfuko kiunoni, na mimi nilirudi kwenye cherehani nikijiona mama aliyetimiza kazi yake.

Alikuwa na karibu mwezi kule aliponipigia asubuhi, kwake ikiwa tayari mchana. Alikuwa amekaa kitandani bwenini. Alisema ofisi ya wanafunzi wa kigeni hukusanya pasi za wote na kuzipeleka polisi, ili wapewe kibali cha kuishi. Wenzake walitoa zao wiki ya kwanza. Yeye kila siku alikuwa anawaambia kesho. Sasa zilibaki siku mbili kabla ya mwisho aliopewa. Zikipita, atatozwa faini, na huenda akarudishwa Johannesburg bila kumaliza hata muhula mmoja.

"Kwa nini hukutoa?" niliuliza, na sauti yangu ilikuwa juu.

"Wewe ndiye ulisema, Mama."

Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto. Mtoto aliyezaliwa hapa, mwenye pasi ya nchi hii, ambaye hajawahi kukimbia gari la polisi hata siku moja, alikuwa amejifungia chumbani China akiogopa kama mimi. Hofu ile nilimpakia mwenyewe, na uzi juu yake.

Lakini hata hapo ulimi ulikataa kusema awape. Nilimwambia asubiri, nikatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mpaka kwa jirani. Alikuwa anapanga mizigo yake ya kwenda mjini. Nilimweleza yote mlangoni, bila hata kumsalimia.

"Mimi nilitaka kusema, ukanikatiza," alisema.

"Njo vile. Nilikosa. Sema sasa, tafadhali."

Hakunicheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alisema kule ndivyo wanavyofanya, kwamba hata hotelini huchukua pasi na kuiandikisha polisi. Ya wanafunzi hukaa siku kadhaa, na mwanafunzi hupewa risiti yenye muhuri. Risiti hiyo aipige picha, atembee nayo, na pasi yenyewe aipige picha kurasa zote kabla ya kuitoa. Nilirudi mbio na kupiga simu.

"Fumua mfuko, mwanangu. Bapatie pasi," nilimwambia.

"Uko sure?"

"Siko sure. Bapatie tu. Risiti usiache."

Hakuwa na mkasi. Alitumia kikata kucha, na simu aliiacha wazi juu ya kitanda. Nilimsikiliza akikata uzi mmoja mmoja, akihema, akilalamika kwa Kiingereza. Nilimfundisha kushona vizuri mno. Alipomaliza aliuliza, "Wasiporudisha, utanikasirikia?" Nilimjibu kwamba nitajikasirikia mimi. Kisha akaenda.

Siku zile za kungoja sikufaa kitu. Niliunga mkono wa kulia mahali pa kushoto kwenye koti la mteja, nikafumua, nikaurudisha vile vile. Jirani alikuja kila jioni kuuliza, na nilimchemshia chai, jambo ambalo zamani sikuwa nalifanya. Siku ya kumi na moja binti alituma picha ya pasi, kibali kimebandikwa ndani. Nililia juu ya cherehani.

Muhula huu kuna wanafunzi wengine wawili wa chuo chake cha huku wanaojiandaa kumfuata, na binti amewaandikia orodha ya mambo ya kuzingatia. Alinitumia na mimi. Imeandikwa kwa Kiingereza, nami niliisoma polepole kwa kidole: anwani kwa herufi zao, tishu, kikombe, dawa kwenye boksi, vijiti, pasi utoe na risiti uchukue. Mstari wa mwisho tu ndio aliouandika kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu aanze shule hajawahi kuniandikia Kiswahili.

"Mama yako akikushonea mfuko, uvae. Lakini mwambie aweke kifungo."

Juzi mmoja wa wale wawili alikuja na mama yake, Mrundi wa Rosettenville, mtaa wa jirani. Mama akaniomba nimshonee mwanawe mfuko wa kufunga kwa uzi, imara kabisa. Nilimwambia akae, kisha nikafungua kopo la vifungo.