Emerance na Chuma Kilichozama Nyotani

Emerance alifundisha fizikia katika shule ninakofanya kazi ya ukarani, hapa Bunia, na mwaka ninaousimulia alikuwa karibu kuondolewa darasani. Hakuwa na kosa lolote. Wakuu walikuwa wameagiza kwamba fizikia ya madarasa ya mwisho ifundishwe na mwenye lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, naye alikuwa bado hajaimaliza. Alibakiza jambo moja: memwari yake, ile tasnifu ya mwisho, ikubaliwe na juri ya watahini kabla ya masomo kufunguliwa Septemba. Isipokubaliwa, darasa lingepewa mtu mwingine.

Memwari hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliungua pamoja na nyumba wakati wa vita. Vita vilipotulia, yaani vilipoanza kuja na kuondoka badala ya kukaa, alinunua karatasi na kuanza upya, akiandika juu ya kitu kilekile: nyota za zamani. Josaphat, mhasibu wetu, hakuacha kumtania.

"Mama Emerance, hii nyota yako iko na faida gani? Itatuletea umeme?"

"Haitaleta," alijibu bila kuinua kichwa. "Na ule mupira unaendaka kuangalia kila dimanche ukitoka misa, umekuletea umeme?"

Nilimsikia akifundisha mara nyingi, maana dirisha la ofisi yangu linaangalia darasa lake. Aliwaambia wanafunzi kwamba nyota hula hidrojeni iliyo tumboni mwake na kuacha heli, kama moto unavyokula kuni na kuacha majivu. Nyota kubwa hula kwa pupa na kufa mapema. Zilizo ndogo kidogo kuliko jua hula taratibu sana, ndiyo maana nyingine zilizozaliwa zamani mno, kabla ya jua letu, zingali zinawaka hadi leo. Zikikaribia uzee wa mwisho, huvimba na kuwa nyekundu. Watoto wa jamaa mbalimbali, ambao wazazi wao walikuwa bado wanaulizana sokoni "weye ni wa wapi?" kabla ya kununua, walikaa benchi moja wakimsikiliza, na wakati huo hakuna aliyeulizwa ametoka wapi.

Kazi yake ilihusu kundi moja la nyota hizo za zamani. Zote huhesabiwa kuwa zilizaliwa pamoja, kutoka wingu moja la gesi. Mwanga wa nyota ukipimwa, huonyesha ni vitu gani vilivyo usoni pake, na kwa kiasi gani. Emerance alichukua vipimo vilivyotangazwa na wataalamu wa ng'ambo, akalinganisha chuma cha nyota moja hadi nyingine, na akaona jambo lililomsumbua: nyota ambazo bado hazijavimba zilikuwa na chuma kidogo kuliko zile zilizovimba. Aliyarudia mahesabu hadi akachoka. Mwishowe akaandika kwamba nyota hizo hazikuzaliwa pamoja.

Profesa Kamate, mzee wa Butembo aliyekuwa akimwongoza, aliisoma sura hiyo ofisini mwetu, akavua miwani.

"Mama, hizi nyota ni watoto wa mimba moja. Ukisema hapana, inafaa utuletee baba wa pili. Iko wapi?"

"Profesa, mahesabu haina kosa."

"Mahesabu haina kosa. Miye nauliza hivi: ulichopima ni nyota, ao ni uso ya nyota?"

Alimwambia angerudi na juri mwezi wa nane, na kwamba sura ile ikibaki hivyo, yeye mwenyewe hataitia sahihi. Emerance alifunga karatasi zake kwa uzi, kama alivyozoea, akaenda nyumbani bila kutuaga. Hilo halikuwa desturi yake.

Nyumbani aliishi na mama yake mkubwa, Gertrude, pembeni mwa mji, kwenye njia ya Nyankunde. Ng'ombe wa familia waliibwa karibu wote wakati wa vita. Waliobaki walikuwa wachache, na maziwa yao yalinunuliwa na kikundi kimoja cha mji. Kijana aitwaye Willy alikuja asubuhi kwa pikipiki, akiwa na kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa yakiwa mazito, kijiti husimama juu. Yakitiwa maji, huzama.

Asubuhi moja nilipeleka barua ya shule kwa Emerance, nikakuta mzozo uani.

"Mama, hii maziwa iko na mayi," Willy alisema. "Kijiti imezama."

"Mayi ya wapi?" Mama Gertrude alishika kiuno. "Willy, nilikubeba mugongoni weye ukiwa na kamasi mpaka kwa kidevu! Leo unaniita mwizi?"

"Miye sisemi mwizi, mama. Ni kijiti njo inasema."

"Basi kijiti yako ni mulevi!"

Emerance alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Aliuliza kwa upole, "Mama mukubwa, hii maziwa ni ya lini?"

"Ya jana mangaribi. Imelala kwa ndoo."

"Na ulimuchotea Willy namna gani?"

Mama Gertrude alimtazama kana kwamba ameuliza upumbavu. "Namna ya kuchotea mugeni! Polepole, ya juu. Mutu ya heshima utamupa ya chini?"

Ndivyo ilivyo katika nyumba za wafugaji wetu. Maziwa yakilala, mafuta hupanda juu, na mgeni unayemheshimu humchotea hayo ya juu, bila kutikisa chombo. Mama Gertrude alikuwa amempa mpimaji kilicho bora. Lakini mafuta ni mepesi, na kijiti huzama katika kitu chepesi kama kinavyozama katika maziwa yaliyotiwa maji. Heshima yake ndiyo iliyomshitaki.

"Willy, koroga yote, kisha upime tena," Emerance alisema.

Willy alikoroga mpaka chini, akapima. Kijiti kikasimama panapotakiwa. Mama Gertrude alianza kumsema upya, sasa kwa furaha, na Willy akaomba radhi huku akicheka. Emerance hakucheka. Alikuwa akiitazama ile ndoo. Nilimpa barua, akaipokea bila kuifungua.

"Uso," alisema. "Nilipima uso tu."

Wiki zilizofuata aliandika upya. Makala alizopewa na Profesa tangu mwanzo wa kazi zilikuwa zimelitaja jambo hilo, naye alilipita kama dogo. Ndani ya nyota tulivu, kwa muda mrefu usioelezeka, uzito huvuta chuma na heli polepole kwenda chini, na hidrojeni iliyo nyepesi hubaki juu. Mwanga nao husukuma baadhi ya vitu kwenda juu, ndiyo maana havizami vyote sawasawa. Kwa hiyo uso huonekana maskini kuliko nyota yenyewe. Nyota inapovimba, tabaka lake la nje linalochemka hushuka mbali ndani na kukoroga, na chuma kilichofichika hurudi usoni. Watoto ni wa mimba moja. Wengine wamekorogwa, wengine bado. Tena heli inayozama huingia tumboni na kuchukua nafasi ya hidrojeni, hivyo nyota huzeeka mapema kidogo. Asiyelijua hilo huihesabia nyota umri mkubwa kuliko wake.

Mwezi wa nane risasi zilisikika upande wa kusini na barabara ikafungwa. Juri haikuja. Septemba ilikaribia, na mkurugenzi alikwisha kuzungumza na mwalimu mwingine. Emerance aliendelea kusahihisha sentensi zake. Juri ilifika mwisho kabisa wa mwezi, ikakaa katika chumba chetu cha walimu.

Mmoja wao alimwuliza, "Unajuaje kama hizi nyota hawakuzaliwa mara mbili?"

"Wangezaliwa mara mbili, ningekuta chuma nyingi na kidogo mahali pote, kwa waliovimba na kwa wasiovimba. Lakini inafuata hatua ya kuvimba. Na vitu vingine vinapungua kila kimoja kwa kipimo yake, karibu namna nadharia inasema."

"Karibu?"

"Karibu. Nadharia peke yake inazamisha kupita kiasi. Kuna kitu ndani inakoroga kidogo na kupunguza ule mzamo. Hicho kitu sikijui. Nimeandika kwamba sikijui."

Niliogopa amejiharibia. Profesa Kamate aliinamisha kichwa akiandika, tukatolewa nje, na walipotuita tena ndani, alisoma jina la Emerance lote, kisha neno "amekubaliwa". Emerance alikaa kwanza, ndipo akashukuru.

Jioni ile Mama Gertrude alimkaribisha Profesa nyumbani. Alileta ndoo ya maziwa yaliyolala, akashika kata, kisha akasita na kumgeukia Emerance.

"Huyu amekuja kunywa," aliuliza, "ao amekuja kupima?"

"Kunywa, mama mukubwa. Kupima tumemaliza."

Ndipo akamchotea ya juu, polepole, bila kutikisa.