Povu la Nyumbani Kwangu

Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kwenye kijito kule Nkoaranga, niwafundishe kutunza vyanzo vya maji. Tukaona povu linashuka. Nikajifanya askari.

“Twendeni juu,” nikawaambia. “Leo mtaona mchafuzi anavyoaibishwa.”

Tukapanda mpaka tukamkuta mwanamke ameinama, anafua. Nikamfokea kwa nyuma, “We mama, huna haya? Watu wa chini wanakunywa uchafu wako.”

Akageuka. Alikuwa mama mkwe wangu, aliyekuja kumsaidia mke wangu baada ya kujifungua.

“Shikamoo, mama,” nikasema kwa sauti ya mbuzi.

“Marahaba, baba. Nafua nepi za mwanao. Lile bomba la nyumbani kwako uliahidi kulitengeneza tangu nilipofika.”

Wanafunzi wakafungua madaftari, wakaanza kuandika.