Maziwa ya Kuosha Vumbi

Kiwandani kwetu Elburgon, tunakopasua mbao, dawa ya vumbi ni moja tu: maziwa. Saa saba kila mtu na pakiti yake, unapiga funda vumbi literemke. Kwa hivyo pua yangu ilipoanza kutoa damu, upande wa kushoto peke yake, mimi nikaongeza maziwa. Mke wangu akisema twende hospitali, namfokea: "Wewe umepasua mbao lini?"

Jicho la kushoto lilipovimba, aliniburuta mpaka Nakuru. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yangu, akaingiza kamera puani, akakata kinyama cha kupima. Majibu yakaja: saratani ya mashimo ya ndani ya pua. Ni ya nadra, na haina mchezo. Akasema vumbi la mbao huchangia. Nikauliza, na maziwa je?

"Mzee, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi linabaki puani."

Wee! Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Akaeleza kwamba watatoa uvimbe kupitia tundu la pua, halafu mionzi. Lakini kunusa huenda kusirudi, maana uvimbe umekaa palepale panaponusa. Hapo nilipandwa na hasira zaidi kuliko nilivyoikasirikia saratani yenyewe. Mimi ndiye ninayenusa ubao nikasema huu bado mbichi, msiuze! Bila pua, mimi ni nani pale kiwandani?

Nikapasuliwa. Kwenye mionzi walinibana uso mezani kwa barakoa ya plastiki, nami nikaitukana kimoyomoyo kila siku. Picha ya mwisho ikatoka safi. Mke wangu akapiga vigelegele korido nzima, nesi naye akaitikia. Nilifurahi, jamani, nilifurahi! Lakini nikinusa chai, ni maji moto tu.

Tulikuwa tumehamia kwa binti yetu, mtaa wa Section 58 hapo Nakuru, nipate nguvu. Jumapili moja nimejilaza kwenye kochi, mlango wa jikoni umefungwa, mke wangu yuko getini anapiga stori na jirani. Ghafla nikaruka.

"Maziwa yanaungua!"

Alikuja mbio, akafungua mlango, moshi tele, akazima gesi. Akaanza kujitetea, kisha akanigeukia.

"Umejuaje?"

Niliinamia ile sufuria nyeusi, nikavuta pumzi, nikavuta tena, machozi yananitiririka. Alipoichukua kuipeleka kwenye sinki, nikamshika mkono.

"Usiioshe kwanza."