Akiba ya Mshono

Kuna maneno matatu niliyoyasikia mara nyingi maishani kuliko jina langu mwenyewe: "Nishonee kama hii." Mteja anafika barazani kwetu Biryogo, Kigali, anatoa simu, ananionyesha mwanamke wa mjini sijui wapi aliyevaa gauni la kitenge. Namtazama yule wa kwenye simu, namtazama huyu aliyesimama mbele yangu, namwomba Mungu uvumilivu kwa tofauti iliyopo kati yao, kisha nachukua futi kamba. Siku ya tatu gauni liko tayari, na ni lile lile. Sijisifu. Kazi hiyo niliianza nikiwa msichana huko Ngara, Tanzania, nilikokulia kabla familia haijarudi Rwanda, na naijua. Nionyeshe kitu, nikutolee pacha wake.

Kwa hiyo nilipoanza kuchora nikiwa na miaka arobaini na sita, sikuona kwa nini nibadilishe utaratibu.

Mwalimu wangu alikuja kwanza kama mteja. Ni binti wa Kikenya, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano hivi. Amepanga nyumba Kagarama, na gereji ya nyumba hiyo haijawahi kuona gari. Ina meza ndefu, ndoo za maji na watu wanaochora kila Jumamosi. Nilipokuwa nampima mkono niliona tone la samawati limekauka kwenye kiwiko chake. Nikaligusa kwa ukucha, likabanduka lote kwa pamoja, kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Akaniambia hiyo ni rangi ya akriliki: ikiwa mbichi inaoshwa kwa maji, ikishakauka maji hayaiwezi tena. Nilibaki na kile kiganda mkononi. Nilikitaka, basi. Nilikitaka kama mtoto anavyotaka pipi, na sikuona aibu yoyote.

Mwaka mzima nikawa nakwenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulianza saa tano na nusu, watu wakiwa wametoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mitaa, na udongo viatuni; Jumamosi nyingine tulianza mapema. Wenzangu walinunua vitambaa vilivyokwisha kuwambwa kwenye fremu. Mimi nilikata marekani yangu, kile kitambaa cha pamba, dukani, nikaipinda pembeni kwa cherehani, nikaipaka rangi nyeupe ya kutangulia, nikaining'iniza kama shuka. Rangi za akriliki zinakauka haraka, na wakati wa kiangazi hapa Kigali zinakauka ukiwa bado unatafuta brashi. Wenzangu walilalamika. Mimi nilikuja na ile chupa yangu ya kunyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi, nikawa nainyunyizia sahani ya rangi kila baada ya dakika chache. Siku hiyo mwalimu alinisifu mbele ya wote, nikavimba kichwa wiki nzima.

Nilijaribu kila kitu. Nilichora mkungu wa ndizi mezani, laini, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukatamani kuumenya. Nilichora mabati ya mtaa wa Gitega jinsi yanavyoonekana kutoka kwetu, kwa kisu badala ya brashi, rangi nene kama siagi kwenye mkate. Nilijaribu ile mistari yetu ya Kinyarwanda ya pembe, nyeusi, nyeupe na nyekundu, ambayo zamani waliitengeneza kwa samadi juu ya mbao. Nilijaribu kumwaga rangi iliyoyeyushwa na kuinamisha kitambaa itiririke yenyewe. Nilijaribu nukta. Kila mtindo mwalimu aliotuonyesha, mimi nilirudi wiki iliyofuata nimeuleta ukiwa umekamilika, na wenzangu wakaniangalia kwa jicho la wivu. Nilidhani hiyo ndiyo maana ya kuendelea vizuri.

Kisha ikaja Jumamosi moja, mwalimu akazipanga picha zangu tisa ukutani. Hakusema ni za nani. Akawauliza wanafunzi wake wa siku nyingine, aliowaalika siku hiyo na ambao hawakunifahamu, "Hizi zimechorwa na watu wangapi?"

Mmoja akasema saba. Mwingine akahesabu kwa kidole, akasema tisa. Mwalimu akaninyooshea kidole mimi, na gereji nzima ikacheka, kicheko cha kupendeza tu, cha watu walioshangazwa. Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote, huku roho imenishuka hadi kwenye viatu.

Walipotoka, mwalimu akanivuta kando. "Mama, mkono wako ni mzuri kuliko wa hawa wote, nakuambia ukweli. Lakini nikiangalia hapa siwezi kukupata. Wewe uko wapi?" Kisha akaniambia alilokuwa nalo: baada ya wiki tano atafungua nyumba yake kwa maonyesho, picha hazitakuwa na majina, na kila mchoraji atapewa ukuta mmoja. "Niletee tano zinazoonekana zimetoka kwa mtu mmoja. Ukikosa, ukuta nitampa mwingine, na tafadhali usinikasirikie."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia njia nzima, juu ya pikipiki, marekani zangu tisa zikiwa zimekunjwa mapajani. Lakini hasira ilipoisha, chini yake nilikuta woga, na woga ule niliufahamu vizuri. Nilikuwa nimeishi nao miaka mingi bila kuuita jina. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Shona unavyojua wewe." Je, kama siku moja angesema hivyo? Kama ukiniondolea ile picha ya kwenye simu, kunabaki nini? Niliogopa kwamba jibu ni mikono miwili na mkasi. Nikaamua kwamba kama huo ukuta unakwenda kwa mwingine, naacha kabisa. Bora niache nikiwa fundi mzuri kuliko niendelee nikiwa kivuli cha watu tisa.

Wiki mbili nilijifungia na kitambaa cheupe na hakuna kilichotoka. Nikianza mstari naona huu ni wa fulani, nikiweka rangi naona hii ni ya fulani. Jumatatu ya wiki ya tatu nikazibeba zile picha tisa hadi barazani, nikazitupa juu ya meza ya kukatia. "Tukate mifuko," nikamwambia mwenzangu.

Huyu mwenzangu tumekaa cherehani kwa cherehani miaka kumi na moja. Amezaliwa Biryogo, mtaa wa pili kutoka msikitini, Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyarwanda, na hajawahi kuficha anavyofikiri kuhusu uchoraji wangu, anauita "kuchafua kitambaa kizima." Mifuko ya plastiki nchini hapa hakuna, kwa hiyo tunakata ya sokoni kutokana na mabaki ya nguo, na mkataji ni yeye kwa sababu mkono wake hautetemeki. Aliposikia zile picha zinakuwa mifuko alifurahi waziwazi. Alianza na mabati ya Gitega. Akakata, akaweka chini ya cherehani, sindano ikagonga ile rangi nene ikavunjika; akanitukania rangi yangu, akabadilisha sindano, akamaliza. Nilimpa kisogo, nikajifanya natafuta vifungo. Sauti ya mkasi ule sikuipenda.

Aliweka ya pili, ile ya ndizi. Mkasi haukulia. Nikageuka. Alikuwa ameinama juu ya meza na chaki mkononi, amekunja uso.

"Sha, hii nakata wapi?"

"Popote."

"Popote iko wapi? Umeacha akiba kila mahali."

"Akiba gani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa jua liko upande gani. "Akiba ya mshono! Wewe fundi ama hapana? Ona, ndizi na meza, katikati iko akiba. Lete ile ingine." Akaivuta ya mistari ya pembe. "Hii, akiba." Akaivuta ile ya rangi ya kumwaga. "Hata ya majimaji, akiba! Ariko wewe! Kweri hizi zote iko za wewe. Hakuna mutu mwingine anaweza kuogopa kitambaa hivi."

Nieleze kwa asiyeshona. Ukichora umbo la nguo kwa chaki, hukati juu ya mstari. Unakata nje yake, unaacha upana wa kidole, ili mshono upate pa kukaa na ili siku mwenye nguo akinenepa uweze kuiachia kidogo. Hiyo ndiyo akiba. Nimeiacha tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na siku hizi siiwazi, kama usivyowaza namna unavyomeza mate.

Na nilikuwa nimeiacha kwenye picha. Pembeni ya kila ndizi kulikuwa na ukanda mwembamba wa kitambaa kitupu kabla ya meza kuanza. Kati ya nyeusi na nyekundu za ile mistari, ukanda. Kwenye rangi za kumwaga nilikuwa nimeinamisha kitambaa upande wa pili kabla hazijagusana, na kulikuwa na njia nyeupe inazunguka katikati yake kama njia ya mtaani kwetu. Hata zile nukta zilikuwa zimekaa kila moja na nafasi yake, hakuna iliyokanyaga nyingine. Nilikuwa nikiziona nafasi hizo mwaka mzima! Nilizihesabu kuwa makosa. Kila picha ikikaribia kwisha nilichukua brashi ndogo kabisa nizizibe, na kwa kuwa akriliki ikikauka inakolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kiraka kilionekana, nami nikaacha njiani kwa hasira. Nilikuwa napigana na kitu pekee ambacho sikukitoa kwa mtu yeyote.

Nilikaa chini, juu ya robota la vitambaa vya mteja, nikacheka huku machozi yanatoka. Sikuwa na huzuni hata chembe. Ilikuwa kama siku ile nilipopekua nyumba nzima natafuta funguo na kumbe ziko mfukoni: unajiona mjinga, na ujinga wenyewe ni mtamu. Kulikuwa na mtu mle ndani. Alikuwepo muda wote, amejibana pembeni mwa kila rangi.

"Unalia sababu ya mufuko?" mwenzangu akauliza.

"Usikate tena," nikamwambia.

"Nimeshavunja sindano," akasema. "Huu mufuko nachukua mimi."

Sitaki kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Kwa kuwa nimezoea kuiga, nilirudi nyumbani nikajiiga mwenyewe. Nilichukua rula, nikapima akiba ya kidole kamili kuzunguka kila umbo, nikachora picha mbili zilizokaa kama vipande vya shati vinavyosubiri kuunganishwa. Mwalimu alizitazama akang'ata mdomo. "Hizi zinajua zinaangaliwa," akasema. Alisema kweli, nikazipaka nyeupe zote mbili. Safari iliyofuata nilianza kwa chaki ya kushonea, sikupima kitu, nikachora baraza letu asubuhi, picha mbili: cherehani mbili, pasi, mlango wa jirani. Brashi ndogo nilimpa mwalimu aniwekee mbali. Palipobaki wazi pakabaki wazi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilisahau kunyunyizia sahani na rangi yote ikanikaukia.

Nikapeleka tano: tatu za zamani na mbili mpya za barazani. Mwalimu alizisimamisha ukutani mwa gereji, akarudi nyuma hatua nne. Kisha akasema, "Aa. Kumbe ni wewe." Nami nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Ngara.

Siku ya maonyesho nyumba ilijaa. Kuta kumi na moja, wachoraji kumi na mmoja, hakuna jina hata moja, na picha zangu mwalimu alikuwa amezitundika chumba cha nyuma kabisa. Mimi nilisimama karibu na meza ya soda, nimevaa gauni nililojishonea bila kutazama simu ya mtu. Mwenzangu nilikuwa nimemwelekeza njia tu, sikumwambia ukuta wangu ni upi, na sikumtarajia, maana Kagarama kwake ni kama safari ya nje ya nchi.

Alikuja. Alikuwa ametoka sokoni, na begani amening'iniza mabati yangu ya Gitega yamejaa vitunguu. Hakuniona. Akapita ukuta wa kwanza bila kusimama, wa pili, wa tatu, akikaza shingo kama anavyofanya anapokagua kazi ya fundi mwingine. Akaingia chumba cha nyuma. Nikamfuata polepole. Nilimkuta amesimama mbele ya picha zangu tano, kidole chake kinapita hewani pembeni ya mlango wa jirani, kwenye ule ukanda mtupu, anapima kwa macho.

"Nani amekuonyesha zangu?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Nionyeshwe kwa nini? Naijua akiba yako," akasema, kisha akanipa mfuko wa vitunguu nimshikie ili azitazame vizuri.